Kanga, Sungura na Mwenyeji wa Majabalini

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana mimi nikishaanza sipendi kukatizwa.

Mwaka huo mvua ilikataa katakata. Mto ulibaki njia ya vumbi, nyasi zikakauka mpaka mizizini, na wanyama wa bondeni wakawa wanashinda vivulini wamenuna, kila mmoja akimlaumu mwenzake kana kwamba yeye ndiye aliyeyafukuza mawingu. Kanga tu ndiye hakununa, kwa sababu hakujaaliwa kipaji hicho. Alikaa na shoga yake Sungura wakitafuna mizizi mikavu.

"Shoga," Sungura akasema, "tukikaa hapa tutakufa, kama si kwa njaa basi kwa kuangalia nyuso za hawa. Wanasema ng'ambo ya mto kuna mji wa kigeni unaoitwa Majabalini. Una chemchemi isiyokauka. Twende tukanywe maji, na tukashangae."

"Tukashangae!" Kanga akaruka, maana hilo ndilo neno pekee alilolisikia.

Hawa wawili walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Sungura aliwaza kwa niaba ya wote wawili, Kanga alifurahi kwa niaba ya wote wawili, na mambo yakaenda.

Waliondoka alfajiri, na jua lilipopanda wakauona mji. Kanga alisahau kufunga mdomo. Majumba ya mawe yalikuwa yamepandana juu ya majumba ya mawe, na humo nyani, tumbili, pimbi na chui walipanda na kushuka wakisukumana na kutaniana kwa sauti kubwa. Langoni alisimama Kifaru.

"Mwenyeji wenu nani?" akauliza.

"Hatuna," Sungura akajibu.

"Basi shangaeni mkiwa huko huko nje."

Ndiyo ilikuwa desturi ya Majabalini. Mgeni haingii bila mwenyeji. Mwenyeji humpaka mgeni wake udongo mwekundu usoni, kutoka kwenye chungu kilichowekwa langoni, na yeyote mwenye udongo huo huheshimiwa mji mzima: kila muuzaji humwonjesha bure. Jua likitaka kuzama ngoma hulia, mwenyeji humwosha mgeni wake uso pale pale langoni, na mgeni huenda zake.

"Ah, wageni wangu hao!" sauti ikaita kutoka nyuma ya Kifaru. Alikuwa Fisi, meno yote nje. "Dada zangu, nimewangoja tangu asubuhi!"

Sungura akanong'ona, "Tunamjua huyu?"

"Sasa tunamjua!" Kanga akasema, naye alikuwa tayari ameshainamisha kichwa apakwe udongo.

Wakaingia, wakanywa kwenye chemchemi mpaka wakatosheka. Jamani, siku hiyo! Kwenye njia panda walimkuta Twiga akiongoza msafara wa wapita njia kwa shingo. Akiilaza kulia, wa kushoto wanasimama. Alipopiga chafya mji mzima ulisimama, na Kanga akapiga makofi kwa mabawa. Waliona nyumba ya wageni ya popo, ambamo wateja wote hulala kichwa chini miguu juu, na Kanga akajaribu, akaanguka, akajaribu tena. Walivuka daraja la kamba za mwituni linaloyumba juu ya bonde, wakarudi, wakavuka tena kwa sababu mara ya kwanza Kanga alikuwa amefumba macho. Adhuhuri walimwona Simba, mkuu wa mji, ambaye kila siku saa hiyo hutoka kukaa juu ya jiwe ili atazamwe.

"Tazameni na upande huu," Simba akauambia umati, akigeuza manyoya yake taratibu. "Huu pia ni mzuri."

Na kila walipopita walionjeshwa: ubuyu, karanga, maembe mabichi yenye chumvi. Fisi alifuata nyuma akimeza mate. Mwenyeji haonjeshwi.

"Tupande juu zaidi," akawa anasema kila mara. "Bado hamjaona kitu. Kuna kitu kimoja tu cha mwisho."

Kila kitu cha mwisho kilikuwa na kingine cha mwisho nyuma yake, juu zaidi, vichochoro vikizidi kujipinda, na Kanga hakulalamika hata kidogo. Angeweza kushangaa hadi kesho.

Fisi alipompeleka Sungura kutazama mandhari kutoka kwenye ukingo wa paa, Kanga alibaki kwa Mama Nyani, muuza kunde za kuchemsha.

"Mwenyeji wako nani, mwanangu?" Mama Nyani akamuuliza.

"Bwana Fisi! Mkarimu, mama, hujapata kuona."

Upawa wa Mama Nyani ukasimama hewani. "Kakwambia mgeni asiyeoshwa anakuwa nani?"

"Anakuwa mchafu?"

"Anakuwa mtu wa mwenyeji wake. Ngoma ikinyamaza kabla hujaoshwa, umehamia hapa, na mwenyeji wako anakufanya apendavyo. Desturi iliwekwa kwa wema, kwa ajili ya wageni wasiotaka kurudi kwao. Lakini Fisi wageni wake huwatembeza huku juu mpaka wanachelewa."

"Halafu anawafanya nini?"

Mama Nyani akayatazama mapaja ya Kanga, kisha akarudisha upawa chunguni.

Kanga akamsogezea uso. "Nioshe wewe, mama. Nakuomba."

"Siwezi. Kumwosha mgeni wa mwenzio ni wizi, na Simba hana mchezo na wezi. Ningekuosha kama usingekuwa na mwenyeji."

Kanga akakimbia mpaka ukingoni, akamvuta Sungura kando na kumweleza yote kwa pumzi moja. Masikio ya Sungura yakalala. Jua lilikuwa limeshuka, lango lilikuwa chini mbali, na kati yao watatu vichochoro vya kushuka Fisi peke yake ndiye aliyevijua. Yeye Sungura, mwenye akili, alikuwa ameburudika siku nzima bila kuuliza swali hata moja.

Kisha sikio moja likasimama. "Shoga, endelea kushangaa."

"Siwezi. Naogopa."

"Shangaa, nakuomba. Akituona tumenyamaza atajua."

Basi Kanga akageukia kilichokuwa karibu. "Lo!" akapiga kelele. "Ukuta! Tazameni ukuta huu jamani!"

Fisi akaja akitabasamu, na Sungura akamwendea. "Bwana Fisi, sisi tumeshiba mpaka hapa. Huoni aibu nyama ikibaki? Wachoma nyama kule karibu na lango wamesema jioni hii wanamalizia masufuria kwa wageni. Supu ya makongoro, mbavu, na mafuta yanadondoka hivi. Pole sana, wewe mwenyeji."

"Masufuria yote?" Fisi akauliza.

"Kwa yeyote mwenye udongo usoni."

Fisi alitazama jua, akatazama lango, akajiambia kwamba palikuwa na muda wa kula na muda wa kuwachelewesha wageni pia. Tumbo lake ndilo lililopiga hesabu hiyo. "Udongo wako bado mbichi?" akauliza, na kabla hajajibiwa akaegemeza paji lake kwenye paji la Sungura na kulisugua, huku Sungura amefumba macho kwa kichefuchefu. Fisi akatoka mwekundu kuanzia masikio mpaka pua.

Aliteremka vichochoro mbio, nao wakimfuata unyounyo. Mama Nyani alipomwona anapita na uso ule, alifunika kunde zake na kuwafuata pia. Kule chini Fisi alikunywa supu kwenye kibanda cha Chui, mmoja wa wachoma nyama, mpaka akalamba sufuria. Akahamia kwenye mbavu, kisha kwenye maini. Nyama ya nani, hatuulizi.

Ngoma ikalia. Simba alikuwa ameketi langoni kama ilivyo kawaida yake jioni, wenyeji wakiwaosha wageni wao mbele yake.

"Mheshimiwa Simba!" Kanga akapayuka, na mnajua kanga akipayuka. "Tuna udongo usoni na hatuna mwenyeji!"

"Wangu hao!" Fisi akasema, mdomo umejaa ini. "Msiwaguse! Ngoma ikinyamaza ni wangu!"

Simba akainama kumtazama usoni. "Mwenyeji hana udongo usoni. Wewe unao. Au macho yangu yameanza kuharibika?"

Hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema macho ya Simba yameharibika.

"Ni utani tu, Mheshimiwa. Mimi ni wa hapa hapa, nilijipaka ili..."

"Ili nini?" Chui akauliza, sufuria tupu mkononi, kucha zimetoka. "Kama wewe ni mgeni, nimekukarimu. Kama wewe ni wa hapa, umeniibia. Sema."

Fisi akatazama kucha za Chui, akatazama meno ya Simba. Ngoma ilikuwa inapungua.

"Mgeni," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi mgeni hawezi kuwa mwenyeji wa mtu," Simba akaamua, naye akafurahi kuisikia sauti yake.

Mama Nyani hakungoja zaidi. Aliteka maji, akamwosha Kanga, akamwosha Sungura, na udongo mwekundu ukawatiririka mpaka chini. Ngoma ilikuwa bado inalia nao tayari wana nyuso safi. Fisi alizunguka akiita, "Nani ataniosha? Ndugu zangu, nani ataniosha?" Wauza nyama wote wakawa wameshughulika na kufagia. Ngoma ikanyamaza.

"Mgeni asiye na mwenyeji ni wangu," Simba akasema. "Umati wa adhuhuri huwa unaondoka mapema mno. Wewe utabaki kila siku unanitazama na kunisifu mpaka niridhike, ndipo ule."

Na Simba, mnavyomjua, haridhiki upesi.

Nje ya lango Kanga alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia. Kisha akacheka tena.

"Nilidhani nimekupoteza, shoga," akasema.

"Mimi pia," Sungura akajibu. Akamshika bawa, wakashika njia ya bondeni.

Basi nendeni mkatembee, miji ni mingi na inapendeza. Shangaeni mpaka shingo ziume. Ila yule anayekuonyesha kila kitu isipokuwa njia ya kurudi, huyo si mwenyeji wako. Huyo ana njaa.