Mama wa Karatasi

Asiyemwamkia mama huchimba kaburi la ndugu.

Mmeisikia methali hii harusini na matangani, wajukuu, mkadhani inasema juu ya adabu ya mtoto kwa mzazi wake. Mmekosea, ingawa hamkukosea sana. Juma hili mwenzenu Tusubilege amerudi kutoka mjini, anakofanya kazi na wenzake kumi ya kutunga programu moja ya kompyuta. Kila mmoja wao, anasema, huchukua nakala ya mafaili kutoka ghala moja, akaishughulikia katika mashine yake, kisha akarudisha alichobadili. Na kila asubuhi, kabla mtu hajagusa herufi, mkuu wao huzunguka akiuliza, "Mmemwamkia mama?" Vijana hucheka, wakidhani mtu mzima anawatania. Hawatanii. Mama huyo hakuwa mtu. Alikuwa karatasi, na methali yake ilianza hivi.

Katika milima ya kusini palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, mahali palipoitwa Ikumbili. Vikundi vinne vilichimba chini, kila kimoja na nyapara wake. Ofisini, juu ya meza ndefu ya mninga, ilitandazwa ramani kubwa iliyoonyesha kila njia, kila nguzo na kila kona ya chini ya ardhi. Wachimbaji waliiita Mama, kwa kuwa ramani nyingine zote zilizaliwa naye. Kila nyapara alikuwa na nakala yake ya karatasi nyembamba ipitishayo mwanga, akaikunja mfukoni na kushuka nayo.

Lakini mgodi haulali kama ulivyoamka. Njia hurefuka, hupinda, huzibwa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kushika sululu, nyapara alipita ofisini, akaitandika nakala yake juu ya Mama, akafuatisha kwa penseli ya bluu yote yaliyobadilika tangu jana. Jioni alirudi akamchorea Mama yale aliyoyachimba mwenyewe. Huko ndiko kulikoitwa kumwamkia mama. Mtunza ramani, Bwana Lutengano, mtu mkavu aliyevaa tai hata siku za joto, aligonga mhuri wa siku na tarehe pembeni mwa nakala. Mlangoni mwa mgodi hapakuwa na askari wa kuukagua mhuri huo. Palikuwa na aibu tu, na kwa miaka sita aibu ilitosha.

Nyapara wa kikundi cha pili aliitwa Asajile. Hapakuwa na mkono uliochora kama wake pale Ikumbili; hata Bwana Lutengano alikiri hivyo, naye hakuwa mwepesi wa kusifu. Kikundi cha tatu kiliongozwa na Gwamaka, mdogo wake wa tumbo moja. Baba yao alifariki Gwamaka akiwa hajaota meno ya pili, na Asajile ndiye aliyemlea, akamfundisha kusoma, akamshika mkono mpaka akajua kushika penseli.

Mwezi ule msimamizi mkuu wa kazi za chini ya ardhi alikuwa anastaafu. Asajile alikitamani cheo kile, wala si vibaya mtu kutamani anachokiweza. Ubaya ulikuja kwa njia aliyoichagua. Jumatatu kikundi chake kilikuta mkanda mnene wa makaa ukielekea mashariki, mkanda ambao haukuwamo katika ramani yoyote. Asajile aliwaza kwamba akimchorea Mama jioni ile, kesho asubuhi manyapara wote watauona, na sifa ya mmoja itakuwa ya wote. Heri auchimbe kimya mpaka mwisho, kisha Jumamosi amwekee meneja mezani kazi iliyokamilika. Jioni ile hakupita ofisini. Jumanne asubuhi pia hakupita, kwa maana Bwana Lutengano angemuuliza, "Ya jana yako wapi?" Ndivyo kosa la kwanza lilivyozaa la pili kabla jua halijapanda.

Wachimbaji wake aliwaambia kwamba yote yamekwisha kuandikwa. Nyumbani akaichora njia yake mpya katika nakala yake, kwa wino mweusi na herufi zilizolala upande mmoja kama mawele yaliyopigwa na upepo. Ikapendeza mno. Kadiri ilivyopendeza, ndivyo alivyoiamini, mpaka akasahau kwamba kuzunguka ule mstari wake mzuri kila kitu kilikuwa cha Jumatatu asubuhi.

Alhamisi asubuhi wachimbaji walikuwa bandani wakinywa chai kwa viazi vitamu. Mwaipaja, mchimbaji mkongwe wa kikundi cha pili, hakujua kunyamaza pakiwa na la kusema.

"Nyapara wetu siku hizi haonekani ofisini," alisema. "Nadhani Mama amemfukuza nyumbani, analala jikoni!"

Watu wakacheka. Asajile hakucheka. Gwamaka akamsogelea na kikombe chake mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Umemwamkia mama leo?"

"Mimi na Mama tunajuana. Tangu lini mdogo akamhoji mkubwa habari za mama?"

"Si kukuhoji, kaka. Chini kumebadilika. Sisi juzi tulikuta mwamba unatoa maji, tukaona—"

"Gwamaka. Nani alikufundisha kushika penseli?"

"Wewe, kaka."

"Basi kunywa chai yako."

Gwamaka akanywa chai yake. Aliona hapana haja ya kubishana na kaka mbele ya watu. Alilotaka kusema alikuwa amekwisha kulichora ofisini tangu Jumanne jioni, na kila aliyepita pale aliliona.

Saa nane mchana kikundi cha pili kilikuwa kimetoboa matundu kumi katika mwamba wa mbele na kuyajaza baruti. Sheria ya mgodi ilisema kwamba ikiwa kati yako na jirani zipo hatua chini ya kumi na tano, usiwashe utambi mpaka umemtuma mtu kumtoa jirani. Asajile akaikunjua nakala yake, akapima kwa rula. Njia ya kikundi cha tatu ilikuwa hatua thelathini na mbili kutoka pale, mwamba mtupu katikati.

Mwaipaja alikuwa ameweka sikio ukutani.

"Nyapara, nasikia sululu."

"Mwamba hubeba sauti kutoka mbali. Ramani inasema hatua thelathini na mbili."

"Ramani ya lini?"

Macho ya Asajile yalishuka pembeni mwa karatasi, penye mhuri. Ulisema Jumatatu. Alilisoma neno lile, akalikunja upande wa ndani, akatia karatasi mfukoni. Muda wa kumtuma mtu ulikuwepo. Njia ya kikundi cha tatu ilikuwa mwendo wa dakika sita. Lakini mtu yule angefika kule na kuulizwa, "Mnachimba wapi hata mje mtutoe sisi?" na siri ya mkanda ingekuwa bandani kabla ya jioni.

"Washa," akasema.

Walirudi nyuma ya kona, wakaziba masikio. Mlipuko uliobanwa na mwamba humrudia mtu kifuani. Huu haukurudi. Ulikwenda mbele, kama mlango uliofunguka, na wote walioziba masikio wakatazamana, kwa kuwa wote walielewa. Moshi ulipopungua Asajile alitangulia peke yake. Ukuta haukuwepo. Upande wa pili taa moja ilikuwa imelala chini ubavu, bado inawaka, na mwanga wake uliangukia kiatu alichokinunua mwenyewe sokoni, mwaka mdogo wake alipopata unyapara.

Waliwatoa Gwamaka na wachimbaji wanne. Hakuna aliyekuwa hai.

Nakala ya Gwamaka ilikutwa katika mfuko wa shati, imegongwa mhuri wa asubuhi ileile. Bwana Lutengano akaichukua, akaichukua na ya Asajile, akazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, jua likapita katika zote mbili. Mstari wa bluu ulitoka kushoto, ukapinda. Mstari mweusi ulitoka kulia. Ikakutana ncha kwa ncha.

"Huyu aliamkia kila siku," alisema Bwana Lutengano, kidole chake juu ya ule wa bluu. "Jumanne alikuja hapa kuuliza apinde wapi. Mama akamwambia upande huu hakuna mtu. Mama hakusema uongo, Asajile. Alisema alichoambiwa."

Akafungua tai yake, akaiweka mezani. Hakuna aliyewahi kumwona bila tai.

Watu walitaka kumtuma mzee wa ukoo apeleke habari nyumbani. Asajile alikataa, akaenda mwenyewe, jua likiwa bado juu. Mama yake, Tupokigwe, alikuwa uani akichambua maharage katika ungo. Asajile akasimama mbele yake.

"Kulikoni?" akasema mama. "Umesimama kama mgeni. Leo huniamkii?"

Ndipo alipomweleza yote, na habari za ile karatasi pia, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutunga uongo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ndani ya ungo.

"Gwamaka alimwamkia huyo mama yenu?"

"Kila siku, mama."

"Na wewe?"

"Sikumwamkia."

Mama hakulia mbele yake. Alimwaga maharage yaliyochambuliwa juu ya yale yenye mawe, akaingia ndani, akafunga mlango.

Asubuhi ya maziko, vijana walipoanza kuchimba, Asajile alivua koti akashika jembe. Mwaipaja alimkamata mkono, akalitoa jembe kidole kwa kidole. Siku ile hapakuwa na utani katika sauti yake.

"Acha, nyapara. Wewe ulishachimba."

Neno la mama na neno la Mwaipaja likaunganishwa na midomo ya watu kabla ya matanga kuanuliwa. Jumatatu iliyofuata manyapara walipanga foleni ofisini kabla mlango haujafunguliwa, wala hakuna aliyewaamuru. Asajile hakupewa cheo, wala hakurudishiwa nakala. Aliomba kazi ya kusukuma vigari vya makaa, akapewa. Kwa miaka yote iliyobaki alipita ofisini kila asubuhi, akasimama mezani mikono mitupu, akapatazama mahali pale mistari ilipokutana, kisha akaenda kazini.

Kwa hiyo, Tusubilege, kesho mkuu wenu akikuuliza, usicheke. Angalia kwanza wenzako wamebadili nini, nawe uonyeshe ulichobadili, ndipo ushike kazi. Methali haikusema kwamba mzembe hujichimbia kaburi lake. Hilo lingekuwa jepesi kulibeba.

Asiyemwamkia mama huchimba kaburi la ndugu.