Mtamba wa Mwalimu Subilaga

Sogeeni, wakubwa na wadogo, niwape jambo lililonishinda kuamua. Mkiliweza ninyi, mtakuwa mmenisaidia.

Huko Tukuyu anaishi mama mmoja, mwalimu mstaafu, Subilaga, aliyefundisha kwaya miaka thelathini. Ninaowaletea leo ni watu watatu waliomwokoa. Binti yake, Atupakisye, ana macho ya kuona kitu kidogo kinapobadilika. Ambwene, mtaalamu wa maabara, si mtu wa kuridhika na jibu la kwanza. Naye Daktari Kihwele ana mikono: mifupa iliyowashinda wengine, yeye aliiunga ikaungana.

Mwalimu alianguka kwenye ngazi za kanisa, akavunjika nyonga. Daktari Kihwele akamwekea nyonga ya bandia, tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe cha chuma. Miezi mitatu baadaye alitembea bila fimbo, na kwa miaka saba hakuna aliyekumbuka kwamba ana chuma mwilini.

Mwaka wa nane akaanza kuchoka. Kilima cha kwenda kanisani alikipanda kwa kupumzika mara nne. Akawa anasahau majina. Kisha yakaja masikio. Siku moja mazoezini aliwaomba waimbaji wa sauti ya tatu waanze kuimba, kumbe walikuwa wameshaanza. Alikusanya karatasi zake, akaenda nyumbani, wala hakurudi tena. Hospitali walimpa dawa za moyo. Kuhusu masikio, walisema ni umri.

Atupakisye ndiye aliyekataa. Alichukua daftari akaandika kila dalili na lini ilianza. Alipozipanga, akaona kwamba nyonga ilitangulia kulia kama bawaba kavu, ndipo mengine yote yakafuata. Akalipeleka daftari hospitalini.

Ambwene hakulicheka daftari lile. Alisoma siku mbili nzima, akakuta kwamba vyuma vya namna hiyo vikisuguana na kulika hutoa chembe ndogo kuliko vumbi la unga, na madini ya kobalti yaliyomo humo huingia kwenye damu na yanaweza kudhuru moyo na masikio. Kipimo chake hakikuwapo pale. Akachukua damu ya Mwalimu, akapanda basi, akaipeleka mwenyewe Dar es Salaam. Majibu yakaonyesha kobalti imezidi mno.

Ikabaki kuitoa nyonga. Kwa kuwa moyo wa Mwalimu ulikuwa dhaifu, madaktari wawili walikataa kumgusa. Daktari Kihwele, aliyekwisha kustaafu, akasafiri kutoka Iringa. Alisimama kwenye upasuaji kwa saa sita. Nyama iliyozunguka chuma ilikuwa nyeusi kama grisi chakavu. Aliisafisha kidogo kidogo, akaweka nyonga nyingine isiyo ya chuma kwa chuma.

Baada ya miezi kadhaa moyo ukatulia na majina yakarudi. Sikio la kulia likafunguka. La kushoto halijafunguka mpaka leo.

Mwalimu alikuwa na mtamba mwenye mimba, aliyemlea tangu ndama. Akawaalika wote watatu chakula cha mchana, na walipokwisha kunawa akasema, "Mtamba yule nampa mmoja wenu, yule aliyenirudisha. Nikimgawa atakuwa kitoweo."

Kisha binti yake akasema, "Mama, usinipe mimi."

Akaeleza kwamba alisikia nyonga ikilia mwaka mzima kabla ya kulifungua daftari, kila mama alipoinuka kitini, na akaona ni usumbufu kuuliza. Tena siku mama aliposahau jina la mjukuu wake, yeye binti alimfokea mama mbele ya wageni. "Ukaniomba radhi wewe, mama. Kwa kosa ambalo halikuwa lako."

Ambwene naye akaomba asipewe. Kabla ya daftari, alisema, maji ambayo madaktari waliyanyonya kwa sindano kwenye nyonga ile yalifika maabara. Aliambiwa atafute vijidudu. Yalikuwa ya kijivu, akashangaa rangi yake, lakini vijidudu hakuona. Akaandika hakuna, akayamwaga. Siku hiyo aliridhika na jibu la kwanza.

Akabaki Daktari Kihwele. Mwalimu alimgeuzia sikio la kulia, akangoja.

"Waliotengeneza nyonga ile waliniandikia barua," Daktari akasema. "Walisema inalika, niwaite wagonjwa wangu wote wapimwe. Nilikuona sokoni umebeba kapu, unatembea vizuri, nikajiambia huyu ni mzima. Barua nikaiweka kwenye faili. Wewe ulikuwa na miaka minne tu na chuma kile."

Mwalimu hakulia wala hakuwafukuza. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Basi ng'ombe wangu hana mwenyewe."

Wasikilizaji wangu, asingekuwapo mmoja kati ya hawa watatu, Mwalimu angekuwa kaburini. Na yeyote kati yao angesema mapema, leo Mwalimu angesikia kwa masikio yote mawili. Mtamba bado yuko zizini, karibu atazaa, na Mwalimu amenituma nimtafutie jibu.

Je, ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani kamba ya ng'ombe huyu? Na kama unasema hakuna anayestahili, ni nani kati yao ungekuwa na moyo wa kumwambia hivyo usoni?