Kopo la Grisi la Nyamisi

Usisifu boti hujakagua tela. Methali hii mmeisikia asubuhi ya leo mkacheka, wajukuu zangu, sasa mnataka kujua ilikotoka. Ilizaliwa hapa hapa Musoma, kwenye mwalo wetu, pale wavuvi wanapoegesha boti, na chanzo chake ni mtu aliyependa sana kusifiwa.

Mtu huyo aliitwa Masatu. Kaka yake alipofariki, aliacha mjane, Nyamisi, na watoto watatu. Aliacha pia boti ndogo ya aluminiamu na tela ya kuishushia ziwani. Boti ikivua, watoto wanakula. Boti ilikuwa imechakaa, basi Nyamisi akauza mihogo, akampa Masatu fedha kidogo aitengeneze, pamoja na kopo la grisi.

"Shemeji, anza na magurudumu," alimwambia. "Yanalia tangu kaka yako yu hai."

Masatu aliitikia, lakini moyo wake ulikuwa kwenye boti. Alichonga viti kwa mbao za kitanda kikuukuu, akavivika turubai. Akaziba matundu, akapaka rangi ya buluu. Fedha zilitosha, na hilo alilitangaza mwalo mzima. Grisi aliisukuma chini ya kiti. Nani angesifu grisi?

Siku ya kuishusha aliita watu waje kutazama. Yeye na wavuvi wanne wakasukuma tela. Katikati ya mteremko gurudumu moja likapiga kelele, beringi zikasagika, likachomoka. Tela ikalala upande, boti ikaangukia jiwe, ubavu ukapasuka. Kopo nalo likabingirika hadi miguuni pa Nyamisi, kifuniko hakijaguswa.

Nyamisi aliliokota, akalifuta mchanga kwa khanga yake.

"Shemeji, boti umeisifu wiki nzima," alisema taratibu. "Tela uliikagua?"

Masatu alitamani ardhi ipasuke immeze. Angetukanwa, angalau angepata la kujibu. Miezi miwili watoto wale walikula kwa majirani. Kila walipopita na bakuli lao, baba yao mdogo alikuwa chini ya tela, mikono imejaa grisi, asithubutu kuinua macho kwa aibu.

Hatimaye ubavu ulizibwa, boti ikawa tayari. Mvuvi mmoja akaja, akaitazama, akamwambia imependeza kweli. Masatu alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu, analizungusha kwa mkono huku akisikiliza kama bado linalia.

"Usisifu boti," alijibu bila kugeuka, "hujakagua tela."