Mgambo Pelele na Taarifa ya Fisi

— Hodi ya ngano!
— Ipite, iketi!
— Imekuja na nani?
— Na uongo wake mwenyewe!

Palikuwa na mgambo wa kijiji, Pelele, mdogo hivi kwamba ukiona kofia inatembea, ndiye. Kazi zake ziliandikwa kitabuni: kushika wezi, kuamua ngumi, kutunza foleni ya kisimani. Basi. Habari za nani kavuka mto hazikuwamo. Wanakijiji walitaka zisiwemo, maana mgeni akimwogopa mgambo, hata akiibiwa hasemi.

Siku moja, kwechu! kwechu! akaja Fisi, Mkaguzi wa Mipaka. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha ng'ambo waliovuka bila kibali. Alikwisha kuwarudisha wengi. Ng'ambo hakufika hata mmoja, na Fisi alizidi kunenepa.

"Afande Pelele! Nikamatie Tandala na mwanawe. Hawana kibali."

Pelele akafunua kitabu, pe! pe! pe! "Haimo kitabuni, mkuu."

"Mimi ni ofisa!"

"Shikamoo, ofisa. Haimo kitabuni. Kwa nini usimkamate mwenyewe?"

"Ana mbio yule! Lakini wewe anakuamini. Ukimwita, anakuja."

"Ndiyo maana haimo kitabuni."

Fisi akajikuna. Akawaza. Hihihi! "Na wizi je?"

"Wizi umo."

"Basi andika: Tandala ameiba nyama ya Bi Kicheche wa hapa kijijini!"

Tandala tangu azaliwe hula majani. Pelele hakucheka. Akalowesha kalamu ulimini. "Kitabu kinataka maelezo kamili ya mali. Nyama gani?"

"Ya kuanika."

"Ilikuwa wapi?"

"Darini, ndani ya kapu lenye kifuniko."

"Vipande?"

"Kumi na viwili. Viwili vya mifupa."

"Chumvi?"

"Imezidi kidogo. Ila pilipili, lo! Safi!"

"Tia sahihi hapa, mkuu."

Fisi akatia sahihi, akagonga na muhuri wake: gopu!

"Sasa hii ni kazi yangu," akasema Pelele. "Ila Tandala ana pembe. Hebu ingia mahabusu ukague, mlango utahimili?"

Fisi akaingia. Akausukuma mlango kwa bega, akaupiga teke. "Utahimili!" akaita kutoka ndani.

Ka-chaa! Pelele akageuza ufunguo.

"We afande! Una wazimu? Nifungulie!"

"Pole, mkuu. Bi Kicheche mwenyewe hajafungua kapu lake tangu juzi, na wewe unajua mpaka chumvi."

Fisi akalia, akatisha, akaomba, akataja vyeo vyake vyote. Pelele akapekua kitabu, pe! pe! pe! Cheo hakikuwamo.

Mchana huo Tandala alikwenda kisimani na mwanawe. Foleni ilikuwa ndefu. Akajipanga kama wengine, akanung'unika kama wengine.

Hapo ndipo ngano yangu ilipokatikia; mwenye ndefu zaidi aivute.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukiulizwa na askari, toa ushirikiano wote, usifiche hata chumvi. Mtazameni Fisi. Raia mwema kuliko yeye kijiji kile hakijapata.