Aliyeitwa Vipande Ukunguni

"Jina lililovunjwa haliitiki." Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwepo, kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba ilitoka kwa wahenga. Haina hata umri wa kunizidi mimi.

Jana mlikuwa mkimenya tangawizi hapo uani huku mkimcheka yule msichana mgeni wa darasani kwenu. Naetwe akasema, "Bibi, jina lake refu, tumemkatia. Tunamwita Atu." Nikawaambia methali hiyo, mkaniuliza imetoka wapi. Jana sikujibu, kwa sababu moyo wangu ulikuwa haujakubali. Leo kaeni.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mke mpya katika kijiji hiki hiki. Barabara ya magari ilikuwa bado haijapanda huku milimani. Kila Jumatano sisi wanawake tuliteremka kwenye gulio na tangawizi vichwani, kila mmoja na kata yake ya majani makavu ya mgomba, na jioni tulipanda tukiwa tumebeba chumvi, sabuni za mche na samaki wakavu. Tulikuwa kumi na mmoja. Njia ilipita juu ya Korongo la Nkwale, mahali pembamba ambapo mkono wa kulia ni ukuta wa jiwe na mkono wa kushoto ni genge. Na hapo ndipo ukungu ulipopenda kutukuta. Si ukungu huu wa sasa mnaoona mgomba ndani yake. Ule ukinyoosha mkono, huuoni mkono.

Basi palikuwa na desturi. Ukungu ukishuka, kila mtu anatua mzigo na kusimama alipo. Kiongozi aliye mbele, ambaye ameshapita pembamba, anaita majina, moja moja. Ukiitwa unajibu, "Nipo!" kisha unaifuata sauti polepole, bega lako likigusa ukuta. Asiyeitwa hanyanyui mguu. Na haitwi mtu Mama Fulani siku hiyo, maana akina Mama Mbonea walikuwa watatu. Hata mkwe na heshima zake zote aliitwa jina alilopewa na wazazi wake, tena zima, mpaka mwisho.

Kwa nini zima? Kwa sababu ya korongo. Ukiita jina pale, korongo nalo linaita, lakini halimalizi. Linarudisha vipande, tena kwa sauti ya yule yule aliyeita. Walishakufa watu wawili zamani waliofuata vipande, wakidhani wameitwa na wenzao. Ndiyo maana kila mke mpya alifundishwa na mama mkwe wake, hata kabla ya kuonyeshwa kisima: "Jina lako likikujia vipande, usiitikie, usiende. Ni korongo linakuita."

Sasa, kijana mmoja wa hapa aliyekuwa akifanya kazi reli alirudi likizo na mke kutoka Bukoba. Jina lake Kokushubira. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye pengo dogo la meno ya mbele. Siku ya kumkaribisha, wanawake walimwuliza jina, akalitaja. Kiongozi wetu wa gulioni, Nambike, mwanamke wa sauti kubwa na mzaha mwingi, akapiga makofi.

"Eeh! Hilo ni jina au ni wimbo? Mpaka mtu alimalize, mchuzi umepoa!"

Tulicheka sote. Kokushubira naye alicheka, akalirudia taratibu, mara ya pili, mara ya tatu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Nambike akasema, "Basi, basi, mama. Wewe ni Kokoshu."

Jina lile halikuwa gumu. Sisi tunaojua kusema Naelijwa na Nakijwa, tungeshindwa na nini? Ni kwamba hatukutaka. Yeye, kwa wiki moja tu, alikuwa ameshika majina yetu yote kumi na moja, na hata ya mabibi vikongwe wa kijiji, ambayo sisi wenyewe tulikuwa tukiyachanganya. Mwanzoni alikuwa akiturekebisha. Baadaye akaacha.

Siku moja kisimani, tukiwa wawili tu, aliniuliza, "Nanzia, na wewe huliwezi?"

Nikasema, "Kokushubira."

Akaweka ndoo chini. "Umelisema kama dada yangu," akaniambia. Akanikatia nusu ya ndizi ya kuchoma aliyokuwa nayo kwenye upindo wa kanga. Tangu siku hiyo nilimwita hivyo kila tulipokutana kisimani. Mbele ya wenzangu nilisema Kokoshu, kama wao.

Alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Senzia. Mtoto alipofika miezi saba, mama yake alirudi gulioni, naye akiwa mgongoni kwenye mbeleko. Kwa kuwa alikwenda polepole, alikaa nyuma kabisa, nyuma yangu.

Jumatano ile Nambike alimtania mbele ya muuza samaki, "Mpunguzie bei huyu Kokoshu, hata jina lake tumelipunguza." Muuza samaki akacheka. Kokushubira hakucheka. Alilipa, akafunga samaki wake.

Tulipofika pembamba, ukungu ukashuka na manyunyu ndani yake. Tukasimama. Nambike akaanza.

"Nakijwa!"

"Nipo!"

Mmoja mmoja tukapita. Mimi nilikuwa wa mwisho kabla yake. Kisha Nambike akaita, "Kokoshu!"

Korongo likarudisha, "...koshu... shu..."

Kimya.

"Kokoshu weee!"

Kimya. Nakijwa, aliyekuwa mtu mzima kuliko wote, akasema, "Nambike, mwite vizuri."

"Vizuri vipi? Ulimi wangu haukuzaliwa huko kwao. Si ndivyo anavyoitwa kila siku? Amenuna huyo tangu gulioni. Anaringa!"

"Labda amerudi chini," mwingine akasema. "Kwenye nyumba za gulioni hakosi pa kulala."

Wanangu, jina lile nilikuwa nalo mdomoni. Lote. Nilisikia ladha yake kama nilivyosikia ile ndizi. Lakini nikawaza, mimi mtoto wa juzi nimfundishe Nambike kuita? Watanicheka njia nzima. Nikalimeza. Tukabeba mizigo yetu, tukapanda.

Mama mkwe wake, Naelijwa, alikuwa amesimama mlangoni na chungu cha uji wa mzazi mkononi.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Tumemwita, hakuitika," Nambike akajibu.

"Mlimwita nani?"

Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa, na mimi niliyahesabu. Naelijwa akatutazama mmoja baada ya mwingine, halafu akaweka kile chungu chini, kwenye matope.

"Mimi ndiye niliyemfundisha asiitikie vipande," akasema. "Mimi mwenyewe."

Wanaume walitoka na taa, wakarudi. Ukungu ulikuwa umefunga njia, na hatua moja ya makosa ilitosha kuwaua. Tulikwenda alfajiri. Naelijwa alifika mbele yetu sote na fimbo yake, akasimama pale pembamba, akaita mara moja tu.

"Kokushubira!"

"Nipo, mama."

Alikuwa karibu. Nilipopima baadaye, zilikuwa hatua ishirini kutoka pale tuliposimama tukibishana. Aliegemea ukuta, mzigo wake chini, kanga zote mbili amemfunga mtoto, yeye mwenyewe amebaki na gauni lililolowa. Naelijwa alipofunua zile kanga, alizirudisha tena. Senzia alikuwa ameshapoa.

"Nilisikia korongo likiniita," Kokushubira alisema. Aliyapanga maneno vizuri kama mtoto anayemsomea mwalimu. "Ilikuwa sauti ya Nambike, na kelele zenu nazo zilinijia vipande vipande. Ila uliniambia korongo huchukua sauti ya mtu unayemjua. Nikajisemea, mzaha ni wa siku nyingine. Siku ya ukungu wataniita. Nikangoja."

Hakutukana mtu. Laiti angetutukana.

Tulimzika mtoto. Mume alikuja kutoka reli, akakaa siku zake, na baada ya matanga Kokushubira akasema anarudi kwao. Katika siku zile nilimsikia Nambike jikoni kwake, akisaga mahindi na kulisema lile jina, peke yake, tena na tena, mpaka likatoka lote. Ulimi wake haukuwa na ugonjwa wowote.

Asubuhi ya kuondoka tulisimama sote njiani. Alipita na sanduku lake kichwani bila kutazama kando. Alipokaribia kona, Nambike akashindwa kujizuia, akaita kwa ile sauti yake kubwa, jina zima, safi, kama lilivyotoka kwao:

"Kokushubira!"

Hakugeuka.

Nikaita na mimi, kama nilivyokuwa nikiita kisimani. Nilidhani kwangu mimi atageuka.

Hakugeuka.

Nambike alitaka kuita tena. Naelijwa akamshika mkono. "Acheni kujichosha," akasema. "Jina lililovunjwa haliitiki."

Maneno yale yalishuka gulioni Jumatano iliyofuata, yakaenda vijiji vingine, na leo watu wanayasema bila kujua yalilipiwa na nini. Nambike alikufa mzee. Mimi bado nipo, na tangu siku ile sijala ndizi ya kuchoma.

Haya, Naetwe. Yule msichana mgeni anaitwa nani? Hapana, usiniangalie mimi, sema. Lote.

"Atuganile."

Umeona? Halikukuumiza. Kesho mwite hivyo. Na akikupita kama hakusikia, usimwite mwenye kiburi, wala usirudi hapa kunilalamikia. Jina lililovunjwa haliitiki.