Kiriba Chenye Chuchu

Nikisema "Kale!" semeni "Tuko!" Kale! Kale ya kale! Sogeeni, sogeeni hapa kwangu, mlango umefungwa? Haya.

Hapo kale mvua ziliikimbia nyika, mito ikabaki mchanga, watu wakahama, wakahama wote, kuutafuta mto mkubwa. Mmoja wao alikuwa Mbeyu, mjane, kichanga chake Dama mgongoni, na maziwa yamemkauka. Kifuani kabeba kiriba, ule mfuko wa ngozi wa maji. Lakini hiki, wanangu, alikishona mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi jike, kiwele akakiacha palepale. Alipokijaza akashona shingo kwa kano, akaiziba kwa nta. Maji yakawa yanatoka kwenye chuchu moja tu, tone, tone, ya mdomo wa mtoto.

Shemeji yake, Nzai, alicheka njia nzima.

"Shemeji, hicho kiriba au mbuzi? Kikilia utakitafutia majani?"

"Cheka tu. Chako kina mdomo mpana, tutaona."

Wakatembea, wakatembea. Kiriba cha Nzai kikaisha. Wakatembea. Kicheko nacho kikaisha.

"Shemeji, nionjeshe."

"Nyonya basi, kama Dama."

Akanyonya. Tone. Akanyonya. Tone. Jamani, mtu mzima na kiu yake, tone! Akachomoa kisu.

"Nzai, usikate! Ya mtoto hayo!"

"Nafungua kidogo tu."

Kidogo! Ngozi iliyojaa maji haifunguki kidogo, wanangu. Ilipasuka pwaa! hadi tumboni, mchanga ukanywa yote, yote, Nzai akabaki analamba matope.

Mbeyu hakumtukana. Alimviringisha Dama ndani ya ile ngozi iliyolowa, akamtia chuchu mdomoni, afyonze unyevu, akatembea. Jua likapanda, akatembea. Likashuka, akatembea. Mtoni akamkabidhi mtoto, mzima, kwa mwanamke wa kwanza aliyemwona, akaketi. Maji waliyompa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Hakuinuka tena.

Nzai naye alifika, akaishi, akazeeka. Dama ndiye aliyemtekea maji, na kila akimpa kata alimwambia, "Baba mdogo, kidogo kidogo, utapaliwa." Hakuna aliyemweleza kwa nini mzee analia.

Basi shikeni hili, wanangu: fungu la mtoto ni dogo kwa sababu mtoto ni mdogo. Mkubwa akilinyang'anya, halimtoshi hata yeye.

Kisa changu nimekishona shingo. Atakayekifungua kesho, asishike kisu.