Waliokuja Kumsindikiza Mtu

Wapendwa, fungeni vitabu kwanza tupumue kidogo. Naona jua limeingia mpaka hapa mbele, na mama zetu wa kwaya wameanza kujipepea kwa karatasi za nyimbo. Ngojeni niwape habari ya bwana mmoja, kisha tutarudi kwenye neno letu tukiwa macho.

Bwana huyo tumwite Zefania. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha magunia, kwenye mji mmoja wa mkonge ambao siutaji, maana humu ndani wenyeji wa huko wamo. Alikuwa mtu na heshima zake. Mtaani hakuna aliyemwita Zefania, walimwita Bosi. Penye harusi aliwekewa kiti cha mbele. Asubuhi akipita na viatu vyake vinang'aa, begi kwapani, mwenye duka alimsalimia hata kabla hajafika dukani.

Hata mke alimpata kwa kazi hiyo hiyo. Siku ya posa, baba wa binti, Mzee Senkoro, alisimama mbele ya washenga akakohoa, akasema, "Mimi ni dereva wa meneja kule shambani. Binti yangu haendi kwa mtu asiye na kazi. Na siku nikisikia mwenzangu kazi imemtoka, nakuja kumchukua mwanangu kwa gari la meneja!" Watu wote walicheka. Zefania hakucheka. Maneno yale yalimwingia na hayakutoka tena.

Basi, kiwanda kikafungwa. Mashine zilikuwa kuukuu, magunia ya plastiki yalikuwa yamejaa sokoni, na mwenye mali alikuwa amechoka. Akawakusanya wafanyakazi uani, akawashukuru, akatoa machozi kidogo, akapanda gari lake akaenda zake. Zefania akarudi nyumbani na barua ya kuachishwa kazi, na kile kikombe alichokuwa akinywea chai.

Zefania alimwambia mkewe ukweli. Hapo nampa sifa, maana wako wanaume ambao hata hilo lingewashinda. Lakini alimwapisha asimwambie mtu yeyote, na baba yake ndiye asisikie kabisa. Kesho yake asubuhi akavaa shati lililopigwa pasi, akapaka viatu rangi, akaweka begi kwapani, akatoka. Anakwenda wapi? Anakwenda kukaa nyuma ya stendi, pale kwa mafundi baiskeli, anatazama watu wakiziba pancha mpaka jioni. Kisha anarudi taratibu, ameshika kiuno.

"Pole na kazi, Bosi!" anaita mwenye duka.

"Tumeshapoa. Leo kulikuwa na moto kweli kweli!"

Mnacheka. Lakini wapendwa, mnajua inavyochosha kujifanya una kazi? Mwenye kazi hupewa likizo. Huyu hata Jumamosi alikuwa akiwaambia majirani kwamba wameongezewa zamu.

Nyumbani nako mambo yakaanza kupungua. Maziwa yakatangulia kuondoka. Nyama ikafuata. Sukari ikawa inaonekana kama mgeni. Jioni moja mkewe, Mama Namsifu, akakaa mbele yake, mikono mapajani.

"Baba Namsifu, siri yako nimeitunza," akasema. "Lakini sufuria haijui kutunza siri. Leo mwanao ameniuliza kama anaweza kwenda kwa jirani kunusa tu."

Zefania akatazama chini. "Unataka nifanyeje?"

"Nenda ukadai fao lako la kukosa ajira. Si ulikuwa unakatwa miaka yote?"

Kwa wale wasioelewa, nieleze. Mtu akiajiriwa rasmi, hukatwa kidogo katika mshahara, na mwajiri naye huchangia, fedha hizo zikaenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Ikitokea akapoteza kazi bila kosa lake, serikali kupitia mfuko ule humlipa fao la kumshika mkono kwa miezi kadhaa huku akitafuta kazi nyingine. Halihesabiki kama sadaka wala hisani ya mtu. Ni haki yake, imewekwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Zefania alizunguka zunguka, akatoa visingizio vyote alivyokuwa navyo, mwishowe akapeleka maombi. Baada ya muda ujumbe ukaingia kwenye simu. Maofisa wa mkoa watakuja pale mjini Jumatano, na kila mwombaji afike mwenyewe kuhakikiwa. Asiyetokea, maombi yake yatarudishwa na ataanza upya. Mama Namsifu aliusoma ujumbe ule, akauimba. Siku hiyo ya Jumatano alikwenda kwa mwenye duka akakopa unga na dagaa, akasema atalipa, akabandika maji jikoni kabla hata mumewe hajafika barabarani.

Zefania alipita njia za uani. Alivaa kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi. Akafika ofisini, akasukuma mlango, akaona benchi refu limejaa watu. Na pale mwisho wa benchi, karibu kabisa na dirisha, nani ameketi? Mzee Senkoro. Baba mkwe mwenyewe, na shati la dereva.

Ndugu zangu, ingekuwa wewe ungefanyaje? Zefania aligeuka atoke, lakini mzee alikuwa ameshamwona.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mkwe wangu." Mzee naye alikuwa ameshtuka, kofia ikamwanguka akaiokota. "Vipi, hujaenda kazini leo?"

"Nimeomba ruhusa. Nimemsindikiza mtu. Kuna kijana wangu mmoja wa pale kiwandani, amepoteza kazi, maskini. Nikaona nimshike mkono."

"Umefanya vizuri. Hata mimi nimemsindikiza mtu. Mzee mwenzangu, kazi imemwishia ghafla. Meneja wake ameondoka na gari limeuzwa. Amevunjika moyo."

"Pole yake. Yuko wapi?"

Mzee Senkoro akatazama huku na huku. "Ameingia chooni. Na wako?"

"Naye yuko huko huko."

Wakabanana pale kwenye benchi, bega kwa bega, wote wawili wakitazama mlango wa choo kwa hamu kama watu wanaongoja treni. Choo chenyewe kilikuwa na kufuli. Kilikuwa kimeharibika siku nyingi.

Pale dirishani alikuwepo dada mmoja wa miwani, ana rundo la mafaili. Akaita, "Zefania!"

Zefania akaishusha kofia yake zaidi. Mkwe wake akamgeukia. "Jina kama lako hilo."

"Ndiyo, baba. Tunafanana majina na huyu kijana."

"Zefania!" dada akaita tena, akainua faili. "Huyu wa kiwanda cha magunia! Faili lake liko tayari, kila kitu kimekamilika. Ni kuja hapa, aseme ni yeye, aweke kidole, basi. Yupo?"

Wapendwa, mguu wa Zefania ulisogea. Nasema ukweli, mguu ulijua. Aliwaza sufuria iliyoko motoni. Akamwaza Namsifu mlangoni kwa jirani. Kisha akasikia pumzi ya mkwe wake pembeni, akalikumbuka gari la meneja, akasema kwa sauti ya upole, "Dada, huyo ametoka kidogo. Yuko chooni."

Dada akaliweka faili pembeni, akachukua lingine. "Senkoro!"

Mzee akatazama juu ya dari kana kwamba jina lile limetoka huko. "Naye yuko chooni, mwanangu," akasema.

Dada akaita la tatu. Bwana mmoja mwenye tai akajibu kwamba yeye amekuja kwa niaba ya shemeji yake. Akaita la nne. Mama mmoja mwenye mkoba mzuri akasema yeye anamngoja jirani. Yule dada akavua miwani, akawatazama wote mmoja mmoja pale kwenye benchi.

"Sasa nyinyi nyote mmesindikiza," akasema. "Waliofukuzwa kazi wako wapi?"

Mtu mmoja alipiga chafya tu.

Mara mlango ukasukumwa kwa kiwiko, akaingia mama mmoja aliyekuwa mfagiaji katika hoteli fulani, mtoto mgongoni, kandambili moja imekatika kamba anaiburuta. Hakumtazama mtu. Akasema kwa sauti ya sokoni, "Jamani, ni hapa wanapohudumiwa tuliofukuzwa? Mimi sina kazi, sina kitu, na mtoto amelia usiku kucha. Nipite wapi?"

"Pita hapa, mama," dada akamwambia. "Jina lako?"

Mama akataja jina, akaweka kidole, akaambiwa mambo yake yatakuwa tayari wiki ileile. Akapiga kigelegele humo humo ofisini, mtoto akaamka, akatoka akiburuta kandambili yake. Na lile benchi likabaki pale limejaa watu waheshimiwa.

Saa ya kufunga ikafika. Dada akafunga mafaili kwa kamba, akayatia kwenye sanduku la kurudi mkoani. Watu wakainuka wakiaga kwa heshima. "Msalimie huyo mzee wako," Zefania akamwambia mkwe wake. "Na wewe, mtie moyo huyo kijana," mzee akamjibu. Wakaachana njia panda, mmoja kushoto, mmoja kulia, wote na njaa.

Mama Namsifu alikuwa mlangoni. "Wamekuita?"

"Wameniita."

"Ukasema nini?"

Zefania akavua kofia. Akajaribu kupita, mke hakusogea. Basi akasema yote, bila kumtaja aliyekuwa pembeni yake. Akasema tu kwamba palikuwa na mtu anayemfahamu, akashindwa kuinuka. Mama Namsifu hakupiga kelele. Alikwenda jikoni akakaa mbele ya ule unga wa mkopo, akawa anaupima kwa macho kuona utafika lini.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama waliposikia hodi. Ni Mzee Senkoro.

"Nilikuwa napita tu," akasema, huku macho yake yameshafika jikoni. "Nikaona nije nimwone mjukuu wangu. Mmeshakula?"

Binti akamtazama baba yake. Akaona shati la dereva lililolegea mabegani, mkanda umetobolewa tundu jipya, na vumbi la njiani mpaka magotini. Baba yake, ambaye hajawahi kuja pale bila gari. Akamgeukia mumewe, akamwona ameinamisha kichwa. Akaelewa yote kwa mara moja.

"Baba," akauliza polepole, "leo na wewe ulimsindikiza nani?"

Mzee akamtazama mkwewe, mkwewe akamtazama yeye. Wakaonana kwa mara ya kwanza siku ile.

Mama Namsifu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, mpaka machozi yakamtoka, na baadaye hata yeye hakujua tena yale ni machozi ya nini. Akajifuta kwa upande wa khanga, akasema, "Kaeni, baba zangu, nitasonga hiki kilichopo, kitaliwa na mtoto. Nyinyi wawili chakula chenu wamekula wale mliowasindikiza."

Ndiyo hivyo. Na nasikia huku nyuma mnacheka vizuri sana. Sasa na mimi niwaulize: unamcheka nani?

Maana nimekuwa nikiwatazama tangu nianze. Nilipotaja kofia, nimeona mama mmoja akimgusa mwenzake kwa kiwiko. Nilipotaja gari la meneja, mabwana watatu wamegeuka kutazama benchi la nyuma. Nikimaliza hapa, mtu atanishika mkono pale mlangoni aniambie, "Mchungaji, leo umesema! Laiti shemeji yangu angekuwepo akasikia."

Shemeji yako! Na wewe ulikuja kufanya nini?

Sisi, ndugu zangu, tumekuwa kanisa la wasindikizaji. Tukiambiwa tulete mahitaji yetu mbele za Mungu, tunaleta ya watu. Tunamwombea mlevi wa mtaa wa pili, binti wa jirani, kijana wa fulani aliyepotea. Ni vizuri, tuwaombee. Lakini kiburi chako wewe ulichokaa nacho hapo, umemwachia nani? Ile chuki uliyoamka nayo leo, ukaivalisha suti, ukaja nayo ibadani, nani atakuja kuidai? Huna amani ndani ya nyumba yako, na ukiulizwa habari unasema "Bwana asifiwe" kwa sauti kuliko wote. Mungu hajachoka kutoa, wala hakuna kilichopungua kwake. Amekwisha kutayarisha neema kwa jina lako, na wewe unamwambia, Bwana, huyo ametoka kidogo.

Na unamwogopa nani? Huyo aliyekaa pembeni yako? Mtazame vizuri. Yeye naye anakuogopa wewe.

Basi leo sitaki maombi ya watu wasiokuwepo. Wale wa Dodoma, wa Arusha, wa ng'ambo, tutawaombea Jumatano jioni. Sasa hivi kila mtu atasema la kwake. Ukishindwa kulisema kwa maneno mazuri, liseme kama yule mama wa kandambili.

Tusimame. Kila mtu asimame kwa miguu yake mwenyewe.